Kabla hujamlipa influensa: ninavyochagua mtu wa kutangaza bidhaa hapa Dodoma

Kazi yangu ni kutafuta soko la bidhaa za wazalishaji wadogo wa huku kanda ya kati. Mafuta ya alizeti kutoka Kongwa na Kibaigwa, asali ya Manyoni, mvinyo wa zabibu za hapa hapa, na mara nyingine saluni ya Area D inayotaka wateja wa wikiendi. Siku hizi karibu kila mwenye bidhaa akinijia anaanza na jina la mtu. "Nataka yule dada wa Insta, ana wafuasi laki mbili na nusu. Anachukua shilingi ngapi?" Mimi namuuliza swali moja tu: katika hao laki mbili na nusu, wangapi wanaweza kupanda daladala wakafika dukani kwako Sabasaba?

Mwenye kampuni ya simu au ya soda hana haja ya swali hilo, kwa sababu bidhaa yake iko kila duka la nchi hii. Wewe mwenye madumu mia mbili ya mafuta stoo na bodaboda mmoja wa kusambaza unalihitaji sana. Tangazo likivuma Mbagala, kule Dar es Salaam, halikusaidii kitu. Simu zitaita, wateja watauliza bei, ukiwaambia uko Dodoma watakujibu "aah, basi", na wewe umeshalipa.

Kwa hiyo kabla hujafungua Insta wala TikTok, andika kwenye karatasi anayenunua ni nani. Usiandike "watu wote wanaopika". Dumu la lita 5 linanunuliwa na mama wa Nkuhungu, Ilazo au Chang'ombe anayepikia familia. Dumu la lita 20 ni la muuza chipsi na mama lishe, na hawa wawili hawamsikilizi mtu yeyote wa mitandaoni, wanasikilizana wao kwa wao sokoni Majengo. Mvinyo unaenda kwa mtumishi wa umma wa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mwenye mgeni nyumbani, na kwa wageni wanaojaa hotelini Bunge linapokaa. Hayo ni makundi matatu tofauti ya wanunuzi na hakuna influensa mmoja anayewashika wote. Akikwambia anawashika, huyo anauza maneno.

Andika pia lini wananunua, kwa sababu mji huu una misimu yake. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na miezi hiyo vyumba vinapanda bei na migahawa inajaa. Alizeti inavunwa kuanzia katikati ya mwaka, kwa hiyo mafuta yanakuwa mengi sokoni na kila mwenye kinu anataka kutangaza kwa wakati mmoja. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakienda likizo, vijana wengi wanaotazama video za vichekesho vya chuo wanakuwa wametawanyika Mbeya, Kagera, Tanga. Influensa wa wanafunzi ni mzuri Novemba, lakini Septemba unamlipa awatangazie watu walioko kwao. Na kama mnunuzi wako ni mtumishi, tangazo la tarehe 15 ni kazi bure. Subiri mshahara utoke.

Ukishajua hayo, tafuta watu. Mimi sianzi na wenye majina. Nafungua sehemu ya kutafuta naandika kama anavyoandika mnunuzi: "mapishi Dodoma", "chakula kizuri Dodoma", "saluni Dodoma", naangalia nani anatokea. Kisha nawauliza wateja wenyewe dukani: "Mitandaoni unamfuata nani wa hapa mjini?" Majibu yanashangaza. Utatajiwa mwalimu anayeonyesha bustani yake ya mboga, mama anayeuza vitenge na kupost kila siku kwenye status ya WhatsApp, kijana anayezunguka migahawa anaonja na kutaja bei. Wengi wao hawajiiti influensa na hawajawahi kulipwa hata senti.

Status ya WhatsApp usiidharau. Status inaonwa na mtu ambaye wewe una namba yake na yeye ana yako, yaani watu mnaofahamiana. Mama mwenye watazamaji mia nne wa status, wengi wakiwa majirani, wanakwaya wenzake na wazazi wa shule moja, ananiuzia mafuta kuliko binti mwenye wafuasi elfu themanini. Udhaifu wake ni kwamba inapotea baada ya saa 24, kwa hiyo makubaliano yawe ya kupost mara kadhaa ndani ya wiki mbili, siyo mara moja.

Ukipata majina sita au saba, kaa chini uzisome akaunti zao. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ruka video zilizobandikwa juu kabisa ya ukurasa. Hizo ni za maonyesho, kila mtu anabandika iliyomtoa. Shuka chini uchukue kumi za karibuni mfululizo, uandike kila moja imetazamwa mara ngapi. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, uangalie zilizo katikati. Mtu anaweza kuwa na video moja ya watazamaji milioni kwa sababu alirekodi ajali au ugomvi, halafu nyingine zote ni elfu tatu tatu. Unachonunua wewe ni ile elfu tatu.

Halafu tafuta matangazo yake ya zamani peke yake. Kama video zake za kawaida zinatazamwa mara elfu ishirini na matangazo mara elfu moja na mia tano, maana yake wafuasi wake wakiona tangazo wanapita. Wamemzoea kama mchekeshaji, hawamwamini kama mshauri. Na kama ametangaza sabuni ya kung'arisha ngozi Jumatatu, mikopo ya haraka Jumatano na ubashiri wa mechi Ijumaa, mafuta yako yatakuwa ya Jumapili kwenye foleni hiyo hiyo.

Sasa soma maoni. Usihesabu, soma. Mwezi uliopita nilikuwa nalinganisha akaunti mbili kwa ajili ya mteja wa mafuta. Ya kwanza, chini ya video ya kuku wa kukaanga, kulikuwa na maoni zaidi ya mia tatu: mioyo, moto, "umependeza dada", "level nyingine", "malkia". Ya pili ni ya mama mmoja anayepika jikoni kwake, mkaa, sufuria lenye masizi, hata taa ya kurekodia hana. Maoni hayakufika arobaini. Lakini mmoja aliuliza: "Hayo ya kukamua ukikaangia hayatoi povu?" Mwingine: "Hilo dumu shilingi ngapi na unanunua wapi, mimi niko Kisasa." Wa tatu alimbishia kwamba mafuta ya alizeti yasiyosafishwa yanatia giza chakula, na yule mama akamjibu vizuri, kwamba mafuta ghafi yana utandu unaoleta povu na weusi yakipata moto mkali, kwa hiyo achukue yaliyosafishwa au apunguze moto. Mtu anayeuliza kuhusu povu ana sufuria mkononi. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Wakati unasoma, angalia pia majina ya wanaoandika. Kuna makundi ya WhatsApp ambayo kazi yake ni kupeana koment: mmoja akipost anatupa kiungo kwenye kundi, wenzake wote wanakimbilia kuandika. Utawatambua kwa sababu ni majina yale yale ishirini chini ya kila video, yanaandika ndani ya dakika chache za mwanzo, na ukifungua kurasa zao nao ni mainfluensa. Dalili nyingine ni wafuasi wa kununua: akaunti hazina picha, zina majina ya herufi na namba zisizo na mpangilio, zinafuata watu elfu kadhaa na hazijapost chochote. Bonyeza wafuasi wake thelathini hivi bila kuchagua. Kama nusu yao ni wa namna hiyo, funga ukurasa.

Kwa Dodoma kuna mtego mmoja wa pekee. Wapo vijana wanaochekesha kwa lafudhi ya Kigogo, na ukiwaona unasema hawa ndio wa kwetu. Ni kweli ni wa kwetu, ila kicheko chao kinapendwa nchi nzima, na watazamaji wengi wanaweza kuwa Dar es Salaam. Mtu kuwa wa Dodoma na watazamaji wake kuwa wa Dodoma ni mambo mawili. Hilo hulioni kwa macho, linaonekana kwenye takwimu zake za ndani, na lazima uziombe.

Kuomba takwimu kuna adabu yake. Usianze na "nitumie takwimu" kama polisi wa barabarani. Mimi naandika hivi: "Habari dada, hongera kwa kazi, nimependa video yako ya kisamvu. Nina bidhaa ya chakula ya hapa Dodoma, natafuta mtu wa kufanya naye kazi mwezi ujao. Naomba kujua utaratibu wako, na kama hutajali unirekodie skrini sehemu ya takwimu ya siku 30 zilizopita, hasa miji na umri." Naomba video ya skrini na siyo picha, kwa sababu picha inahaririwa kwa dakika mbili. Kwenye video namuona anafungua akaunti yake mwenyewe, anaingia kwenye takwimu, anashuka taratibu.

Nikiipata naangalia mambo matatu. Kwanza miji inayoongoza: Dodoma ina asilimia ngapi? Pili umri. Kwa mvinyo nikikuta kundi la miaka 13 hadi 17 lina uzito wowote, siendelei hata kama bei ni nzuri, pombe haitangazwi kwa watoto. Tatu, akaunti zilizofikiwa, maana hiyo inaonyesha watu, wakati idadi ya kutazamwa inaweza kuwa mtu mmoja aliyerudia mara tano.

Wapo watakaokasirika. Mmoja aliniambia, "Bosi, mimi ni brandi, sikaguliwi." Nikamshukuru, nikamtakia kazi njema. Ambaye kazi yake ni safi anatuma takwimu kabla ya jioni, tena na maelezo juu.

Baada ya takwimu, chukua kalamu. Nitatoa mfano wa hesabu, weka namba zako mwenyewe. Tuseme kila dumu la lita 5 linakuachia faida ya shilingi 3,000. Influensa wa kwanza anataka 300,000 kwa video moja. Ili urudishe hela yako tu, lazima auze madumu 100. Video zake za katikati zinafikia watu 8,000, na takwimu zinasema asilimia 30 wako Dodoma, yaani 2,400. Kwa hiyo kati ya kila watu 24 wa Dodoma watakaoiona, mmoja anatakiwa kuinuka akanunue. Hilo halitokei kirahisi hata kwa bidhaa inayopendwa. Sasa yule mama wa jikoni anataka 50,000. Anafikia watu 1,500, asilimia 70 wako hapa, yaani 1,050. Anahitaji kuuza madumu 17, mmoja kati ya kila watu 60 na kitu. Bado ni kazi, lakini ni kazi inayowezekana, na kwa ile 300,000 ungewapata watu sita wa namna yake.

Mwenye bidhaa ataniambia: lakini mteja akipenda atarudi mwezi ujao, mbona huhesabu hiyo? Ni hoja nzuri. Mafuta yanarudiwa, asali inachelewa, saluni inategemea. Kama una daftari linaloonyesha wateja wako wanarudi, iongeze kwenye hesabu. Kama huna, hesabu dumu moja tu kwa mtu mmoja, usijidanganye kwa faida ambayo haijaingia.

Kabla ya kukubaliana, piga simu kwa biashara moja au mbili alizowahi kuzitangaza. Namba utazikuta kwenye matangazo yale yale. Usiulize "alikuwa mzuri?" kwa sababu kila mtu atasema alikuwa mzuri. Uliza: "Ulimlipa tena mara ya pili?" Kimya kinachofuata ndicho jibu. Na shuka kwenye ukurasa wake mpaka mwaka jana uone kama ana matusi, ugomvi na watu, kiki za kuachana na kurudiana, au ni chawa wa mwanasiasa fulani. Simhukumu mtu kwa siasa zake. Ila mji wetu umejaa watumishi na viongozi wa kila upande, na dumu la mafuta halina sababu ya kuwa na chama.

Makubaliano yaandikwe, hata ujumbe mmoja wa WhatsApp aliojibu "nimekubali" ni bora kuliko maneno ya mdomo. Yataje ni video ngapi, ya urefu gani, lini na saa ngapi, itakaa kwenye ukurasa wake kwa muda gani bila kufutwa, kama una ruhusa ya kuitumia kwenye kurasa zako na kuilipia isambae, na kwamba kwa miezi miwili hatatangaza mafuta ya mtu mwingine. Kipengele cha kutofuta usikiache, wengine wanafuta baada ya siku tatu ili ukurasa uonekane nadhifu. Nusu ya malipo mwanzo, nusu baada ya kupost na kutuma takwimu.

Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya 2024 iliwataja waziwazi watengeneza maudhui ya kidijitali kwenye kodi ya zuio, kwa asilimia 5. Kwa malipo ya 300,000 unakata 15,000 unaipeleka TRA, yeye anapata 285,000 pamoja na uthibitisho wa makato. Mwambie mapema, vinginevyo atadhani umemdhulumu. Mambo ya utekelezaji mwachie mhasibu wako.

Maneno ya tangazo yapitie wewe mwenyewe. Mwachie lugha yake, utani wake, hata makosa yake ya kisarufi, kwa sababu hivyo ndivyo wafuasi wake walivyomzoea. Ukimwandikia hotuba ataisoma kama risala ya harusi na kila mtu atajua amelipwa. Unachomkataza ni madai: "yanatibu presha", "yanapunguza kitambi", "daktari amethibitisha". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mwenye bidhaa naye anafuatwa. Kusema mafuta hayana kolesteroli ni kweli, ila mafuta ya mimea yote ndivyo yalivyo, usilifanye la kwako peke yako. Hakikisha pia bidhaa imesajiliwa Shirika la Viwango (TBS) kabla hujaitangaza. Tangu 2019 usajili wa chakula uko huko, ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na tangazo linalovuma linamfikia mkaguzi kama linavyomfikia mteja. Na asifiche kwamba ni tangazo. Insta ina alama ya ushirikiano wa kulipwa, aiweke.

Mwisho ni kupima, na hapa wengi wanaishia kutazama laiki. Kila influensa mpe neno lake. Mteja akitaja "sufuria" anapunguziwa shilingi 500, na "sufuria" ni la yule mama peke yake, "kijiko" ni la mwingine. Kwa WhatsApp tengeneza kiungo cha wa.me chenye ujumbe ulioandikwa tayari, tofauti kwa kila mtu, na kwenye WhatsApp Business weka lebo kila oda inapoingia. Lakini wateja wengi watakuja dukani kwa miguu bila neno wala kiungo, kwa hiyo muuzaji wako awe na daftari lenye safu nne: tarehe, anakotoka mteja, amenunua nini, amesikia wapi. Siku za mwanzo muuzaji ataona usumbufu na kuandika "mtandaoni" kila mstari. Kaa naye asubuhi moja umfundishe kuuliza swali la pili: "Mtandaoni kwa nani, mama?"

Andika pia mauzo ya wiki mbili kabla ya tangazo kuanza, la sivyo utampa influensa sifa za mwisho wa mwezi. Na usiwapostishe wote siku moja. Mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo, ili ukiona simu zinaita ujue nani amepiga kengele.

Wiki mbili baada ya video ya mwisho nafungua daftari, najumlisha kwa jina, nagawanya malipo kwa idadi ya madumu. Aliyeniuzia dumu kwa gharama ndogo kuliko faida ya dumu hilo namrudia kwa mkataba wa miezi mitatu, na bei naiongeza kidogo kabla hajaiomba. Aliyeshindwa simrudii, ila naye nusu yake iliyobaki nilishamlipa siku ile ile aliyotuma takwimu, bila kumzungusha, maana Dodoma hii tutakutana tena foleni ya benki.